Hewa si Ipo Kila Mahali?

Swali aliliuliza mama yangu, amekaa kwenye benchi la korido, kitenge amejitanda mabegani kwa sababu ya baridi. "Frateri, hewa si ipo kila mahali? Sasa huyu mtoto inamshinda nini?"

Tangu niingie seminari kuu mama ameacha kuniita kwa jina langu, hata tukiwa jikoni. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa falsafa wiki tatu kabla ya hapo. Nilikuwa nimefaulu Kosmolojia, na katika mtihani wa Falsafa ya Mwanadamu nilijaza kurasa nane juu ya roho na mwili. Nilimwangalia mama, nikamwambia, "Mapafu yake hayajakomaa." Akanijibu kwamba hilo ameshaambiwa na muuguzi. Alichotaka kujua ni kwa nini mtu azungukwe na kitu pande zote halafu akikose.

Ndugu msomaji, jibu la swali hilo lilinichukua siku kadhaa, na sikulipata kwenye madaftari yangu.

Ilikuwa Juni, na anayeijua Njombe anajua Juni yake ilivyo. Dada yangu, ninayemfuata kuzaliwa, alikuwa na mimba ya wiki 31. Uchungu ulimshika usiku. Shemeji ni dereva wa lori na siku hizo alikuwa Tunduma, kwenye foleni ya mpakani, kwa hiyo mwanaume wa safari nilikuwa mimi. Tulitoka kijijini kwa bodaboda mbili hadi barabara kuu, tukapata Noah, tukafika hospitali karibu na alfajiri. Kuna sindano ya deksamethasoni ambayo mama huchomwa akionekana atajifungua kabla ya wakati, nayo huharakisha mapafu ya mtoto kukomaa. Jambo hili lilianzia kwa kondoo, huko New Zealand: daktari Graham Liggins aliona wana-kondoo waliozaliwa mapema mno wakipumua wakati hawakutarajiwa kupumua, baada ya kupewa homoni ya namna hiyo. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakatangaza kwamba inawafaa na watoto wa watu. Ila sindano inahitaji muda ifanye kazi, na ni vizuri ikipata siku nzima. Dada alijifungua dakika 40 baada ya kufika.

Mtoto alikuwa wa kike, gramu 1,350. Nilipoingia wodi ya njiti, nimenawa hadi kwenye viwiko na kuvalishwa gauni, kitu cha kwanza nilichokiona ni mbavu. Kila alipovuta pumzi zilibonyea ndani, na kila alipoitoa aliguna, kama mzee anayenyanyua gunia la viazi. Nilidhani analia.

Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa mama wa makamo. Nilipomwamkia "Kamwene" akanichangamkia, na usiku wa pili, kazi ilipopungua kidogo, nikamrushia lile swali la mama. Hakuongea. Aliniomba nailoni iliyokuwa na maandazi yangu, akaitia maji ya bomba, akayamwaga, akazibana pande mbili zikagandana. "Puliza, ifunguke." Nilipuliza mpaka mashavu yakauma. Nailoni ilikuwa nyepesi kama karatasi lakini maji yalikuwa yameishika. Akadondoshea sabuni ya maji kutoka kwenye sinki, akaifikicha, akaibana tena. "Haya, puliza sasa." Ikafunguka kwa pumzi ndogo tu.

"Mtoto wenu hana sabuni," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Baadaye nilisoma zaidi, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana sisi wanaseminari tunalitaja neno "pumzi" karibu kila siku na ni wachache kati yetu wanaojua inaishia wapi. Njia ya hewa hushuka kooni, hugawanyika mbili, kila tawi likagawanyika tena mbili, na kuendelea hivyo karibu mara 23. Mwishoni kuna vifuko vidogo ambavyo kwa mtu mzima hufikia mamia ya milioni. Kila kimoja ni kama sehemu moja ya tano ya milimita. Ukivipasua vyote na kuvitandaza chini, utapata eneo la mita za mraba 70 au zaidi. Darasa letu la mwaka wa pili halifiki ukubwa huo, na sisi hulalamika kwamba ni kubwa kulifagia.

Nje ya kila kifuko umetandwa wavu wa mishipa ya damu, myembamba kiasi kwamba seli nyekundu hupita moja moja kwa mstari, kama tunavyokwenda komunyo. Kati ya hewa na damu kuna ukuta usiofikia unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo ndipo penyewe. Seli hukaa kwenye ukuta huo chini ya sekunde moja, na robo tu ya sekunde yatosha ijae oksijeni iende zake.

Nilichokuwa natafuta ni nani anayeiingiza. Niliwaza kuna pampu, au mlango unaofunguka. Hakuna. Kwenye kifuko oksijeni ina msukumo wa milimita za zebaki 100 hivi, na damu inayorudi kutoka mwilini imebakiwa na kama 40. Basi oksijeni inapenya yenyewe kutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo. Shuleni tuliiita difusheni. Kabonidayoksaidi nayo inakwenda upande wa pili: kwenye damu ni kama 46, kwenye kifuko 40. Tofauti ya sita tu, lakini gesi hii hupenya kwa urahisi mara 20 hivi kuliko mwenzake, kwa hiyo sita inatosha. (Namba hizi ni za watu wa pwani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni takribani sehemu nne kati ya tano ya ile ya Dar es Salaam. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, kama huko. Kinachopungua ni msukumo. Wenyeji tumezoea. Mtoto wa gramu 1,350 hana la kuzoea.)

Basi mama alikuwa sahihi kabisa. Hewa ipo kila mahali, na haihitaji kulazimishwa. Inachohitaji ni ukuta ulio wazi wa kupenyea. Na hapo ndipo ile nailoni inapoingia. Kila kifuko kimelowa ndani, kwa tabaka jembamba la maji, na maji yana tabia ya kujivuta yashikamane. Kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo mvuto huo unavyokibana kijifunge. Sisi tumeokolewa na seli fulani za humo humo vifukoni ambazo hutengeneza mafuta maalumu yanayofanya kazi ya sabuni. Mtoto huanza kuyatengeneza tumboni, lakini kwa kawaida hayamtoshi mpaka wiki ya 34 au 35. Akizaliwa kabla ya hapo, anafungua vifuko kwa pumzi moja, vinajifunga anapoitoa, na inambidi avifungue upya. Kila pumzi kwake ni ya kwanza. Mary Ellen Avery na Jere Mead, madaktari wa Marekani, walionyesha mwaka 1959 kwamba watoto waliokufa kwa ugonjwa huu walikosa kitu hicho. Kabla yao wengi walitafuta ni nini kimeongezeka kwenye mapafu yale.

Na kule kuguna hakukuwa kulia. Alikuwa anafunga koo nusu anapotoa pumzi ili hewa isitoke yote, vifuko vibaki wazi hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Nilipolielewa hilo nilitoka nje nikasimama kwenye baridi kwa muda.

Mashine aliyowekewa ilikuwa inafanya jambo hilo hilo. Oksijeni iliyochanganywa na hewa ilipita puani kwa mrija, na mrija wa kutolea pumzi ulitumbukizwa kwenye chupa ya maji, sentimita tano chini ya uso wa maji. Ili pumzi itoke, ilibidi iyashinde maji hayo, na kwa hiyo ndani ya mapafu ulibaki msukumo wa sentimita tano za maji daima. Chupa ilikuwa inaguna badala yake: blubu, blubu, blubu, usiku kucha. Mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, alikufa kwa ugonjwa huu huu kabla hajatimiza siku mbili, na baba yake hakukosa uwezo wala madaktari. Msaada wa namna hii kwa watoto wachanga ulianza kutangazwa mwaka 1971.

Nikawa na la kumwambia mama. Nikamwambia na dada, aliyekuwa amelala wodi ya wazazi, nikaongeza mambo yangu. Nilimweleza kwamba Aristotle alifundisha kuwa tunapumua ili kuupoza moto wa moyo. Nilimweleza juu ya Christian Bohr wa Denmark, aliyeamini kuwa pafu hufanya kazi ya kuisukuma oksijeni kwenye damu, mpaka aliyekuwa msaidizi wake, August Krogh, pamoja na mkewe Marie aliyekuwa daktari, walipoonyesha mwaka 1910 kwamba difusheni peke yake inatosha. Nikasema: unaona, dada, pafu halinyakui, linajiweka tu mahali pa kupokea. Nilikuwa nimeshaona mahubiri mazima.

"Hayo yatunzie Jumapili yako," dada akasema, akageukia ukutani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Tangu asubuhi ya kwanza nilikuwa na chupa ndogo ya maji kwenye mfuko wa koti. Sheria ya Kanisa iko wazi: penye hatari ya kifo mtoto abatizwe bila kukawia, na asipokuwepo padre mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza. Mama alinikumbusha mara mbili kwa siku. Lakini dada alikataa. Si kwamba hana imani; ni mwanakwaya tangu akiwa na miaka 12. Alisema, "Mdogo wangu, ukimwaga hayo maji utakuwa umenitangazia msiba. Mtoto wangu atabatizwa kanisani, amevaa gauni jeupe, mimi nikiwepo." Nilimweleza maana ya ubatizo, kwamba si sakramenti ya wanaokufa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

Usiku wa tatu umeme ulikatika. Nilikuwa ndani, na dada alikuwa ameletwa kwa kiti cha magurudumu kukamua maziwa. Mashine ya oksijeni ilinyamaza, na mapovu yakanyamaza. Kimya kile sijawahi kukisikia mahali pengine, hata kwenye mafungo. Kipimo kilichofungwa mguuni kwa mtoto kinatumia betri, kwa hiyo kiliendelea. Chenyewe hupitisha mwanga wa aina mbili kwenye ngozi na kusoma damu imebeba oksijeni kiasi gani, maana himoglobini iliyojaa na isiyojaa hazinyonyi mwanga kwa namna moja. Kilisoma 91. Muuguzi alishachukua mfuko wa kupumulishia na kukimbilia kitanda cha pili, palipokuwa na mtoto mdogo zaidi. 84. Mwenzake akaja kwetu. 76. Mtoto alianza kubadilika rangi mdomoni. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, kifuniko cha chupa nimeshakilegeza.

Dada hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama mimi.

Sikubatiza. Jenereta iliwaka, mapovu yakarudi, namba zikapanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Mama aliposimuliwa alikaa siku nzima bila kusema nami zaidi ya salamu. Nimelipeleka jambo hili kwa mlezi wangu wa kiroho. Aliniuliza, "Ulinyamaza kwa ajili yake au kwa kumwogopa?" Nikamjibu kwamba mkono haukuniambia. Akasema niendelee kukaa na swali, na mpaka leo ninakaa nalo.

Usiku uliofuata mama wa kitanda cha pili aliniita. Mtoto wake alikuwa wa kiume, gramu 900. Alikuwa ameona rozari kwenye kifundo cha mkono wangu. "Baba, wewe ni padre?" Nikamwambia hapana, mimi ni frateri tu. "Lakini unaweza?" Nikasema naweza. Alikuwa binti mdogo, nadhani ana miaka 19, na hakuwa na ndugu karibu. Alinitajia jina, na kwa kuwa ni lake sitaliandika hapa. Muuguzi alisogeza kofia ya sufu kidogo, nikamimina mara tatu yale maji niliyoyabeba siku zote hizo kwa ajili ya mtoto mwingine, nikasema maneno. Mikono ilitetemeka. Maji yalikuwa ya baridi na mtoto alikunja uso, nami nikamwomba radhi kwa sauti.

Alikufa kabla ya kengele ya Angelus. Binti alimfunga kwenye khanga mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Dada alisikia, wodini kila kitu husikika. Nilipompelekea uji aliniuliza, "Ulimbatiza yule?"

"Ndiyo."

"Na amekufa."

"Ndiyo, dada."

Alikoroga uji kwa muda mrefu. "Umebakiza maji?"

"Yamebaki kidogo."

"Basi yaweke."

Nikayaweka. Hayakuhitajika tena. Siku ya sita mtoto aliacha kuguna. Vifuko vilikuwa vimeanza kutengeneza sabuni yao wenyewe. Oksijeni ikapunguzwa hatua kwa hatua, maana nayo ikizidi huwaharibu njiti macho, kisha mrija ukatolewa puani. Alibatizwa Desemba, parokiani, na paroko, amevaa gauni jeupe lililomzidi, na mama aliimba kwa sauti kuliko kwaya.

Ila kabla ya hapo zilikuwepo wiki za kangaroo. Mtoto hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, ili apate joto, na joto lile humpunguzia matumizi ya oksijeni pia. Dada alikuwa amechoka, shemeji alikuwa bado hajaruhusiwa na tajiri wake, na muuguzi akanitazama. "Mjomba, vua shati." Wauguzi wanafunzi walicheka sana. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, kifua wazi katika baridi ya Julai, mtoto akafungwa juu yangu kwa khanga, na blanketi juu ya wote wawili. Alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji. Kifua chake kilikwenda haraka haraka, pumzi tatu hadi nne kwa moja yangu, na nikajikuta napumua taratibu nisimsumbue.

Muuguzi alikuwa amenionya: njiti husahau kupumua. Ubongo wenyewe bado ni mchanga, hukaa sekunde kadhaa bila kuagiza. "Akinyamaza usinipigie kelele. Mtekenye unyayo."

Karibu saa tisa usiku alinyamaza. Nilihesabu, moja, mbili, tatu. Nilipofika nane niliingiza mkono chini ya blanketi, nikautafuta mguu wake, ambao ulikuwa mdogo kuliko kidole changu gumba, nikautekenya unyayo. Alikunja vidole vya mguu. Akavuta.